Klabu ni ya Wanachama, Si ya Mleta Jezi

Huko Ukata, wilayani Mbinga, mkulima halimi mlimani bila kuchimba ngolo. Nyasi hufyekwa, hulazwa katika mistari inayokatana mithili ya mkeka, kisha hufukiwa kwa udongo, na kati ya tuta na tuta hubaki shimo. Mvua ya Umatengo ni kubwa na milima yake ni mikali. Maji yakiachwa yashuke yapendavyo huondoka na udongo wa juu hadi mabondeni, na baada ya misimu michache shamba hubaki changarawe. Yakikuta ngolo husimama, huzama taratibu, na maharage huota. Wamatengo wamelima hivyo kwa vizazi vingi. Hawajapata kuomba mvua isinyeshe. Wameiandalia mahali pa kutua.

Tumeanza na kilimo kwa kuwa jambo tunalokusudia kulieleza leo kuhusu klabu zetu za michezo ni hilo hilo. Kila klabu, iwe ya kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Nyasa au ya mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, hunyeshewa na mvua itokayo nje: serikali, chama, mfadhili, kampuni, shirikisho la kimataifa. Nguvu hizo hazitakoma, na wala si zote mbaya. Swali la kujiuliza ni kama ndani ya klabu imechimbwa ngolo. Klabu yenye ada, daftari, mkutano na katiba inayosomwa huipokea nguvu ya nje ikastawi kwayo. Klabu isiyo na hayo huchukuliwa na maji, pamoja na jina lake.

Hatusemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole. Sisi wenyewe tumo. Mwaka 2015, siku za kampeni, tulikuwa katika msafara uliopeleka jezi 16 na mipira miwili katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, ambacho hatutakitaja. Klabu ya hapo ilikuwa na wanachama wapatao 40. Kila mmoja alitoa ada ya mwezi. Asiyekuwa na fedha alitoa usipa, na mweka hazina, mzee mmoja mshona nyavu, aliuza usipa huo sokoni na kuandika kila senti katika daftari la shule. Kwa fedha hizo walinunua mpira wao na kukodi mtumbwi wa kwendea mechi za ugenini. Timu yenyewe ilikuwa hafifu, tena ikifungwa mara kwa mara, lakini mkutano wa mwezi haukukosa watu.

Tulikabidhi jezi zile uwanjani, mbele ya umati. Hatukumkabidhi mweka hazina. Hata kuwapo kwake hatukukujua. Tulimkabidhi kijana mmoja hodari wa kuitikia katika mikutano yetu. Tangu siku hiyo mambo yakageuka. Kijana yule akawa ndiye mwenye timu, kwa kuwa ndiye mwenye jezi. Nahodha, ambaye mapenzi yake ya siasa yalikuwa kwingine, akavuliwa unahodha. Wanachama nao wakaulizana: ada ya nini tena, na mheshimiwa yupo? Mzee akalifunga daftari lake. Uchaguzi ukapita, mipira ikapasuka, na simu ya mheshimiwa ikawa haipokelewi. Tulipopita tena baada ya miaka miwili, milingoti ya goli ilikwisha kuwa kuni. Tulikwenda kusaidia, kumbe tulikwenda kuzika.

Huenda ndugu zetu wa Visiwani wakauliza: habari za pwani ya Nyasa zinatuhusu nini? Zinawahusu kwa sababu mbili. Kwanza, mpira wenyewe ulitufikia kwa njia ya kwenu. Shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, ni mojawapo ya mahali pa mwanzo ambapo vijana wa Kiafrika wa upande huu wa bara walifundishwa kandanda. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyoweka makao yake katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na vijana waliosoma Kiungani wakapelekwa kuwa walimu kandokando ya ziwa. Pamoja na vitabu wakaja na mpira. Pili, kwa muda mrefu tulicheza ligi moja. Katika Ligi ya Muungano KMKM ya Zanzibar ilitwaa taji mwaka 1984, Majimaji ya Songea ikalitwaa mwaka 1985 na tena 1986, Malindi ikalipeleka Unguja mwaka 1989 na 1992, na Majimaji ikalirudisha Ruvuma mwaka 1998. Waliowahi kushindania kombe moja wana haki ya kuelezana yaliyowasibu baadaye.

Basi na tuanze na mvua ya kwanza. Ukoloni na misheni vilileta mchezo pamoja na kanuni zake, saa yake na mwamuzi wake. Visiwani, maofisa wa Kiingereza walitaka ligi iwe chini ya usimamizi wao. Vijana wa Ng'ambo hawakuukataa mpira. Waliunda klabu za mitaa yao, wakachagua viongozi wao, na humo wakajifunza kufanya mkutano, kutunza fedha na kubishana bila kupigana. Wengi waliokuja kuwa viongozi wa siasa kabla ya Mapinduzi ya 1964 walianza kuonekana katika klabu hizo. Bara nako, Yanga iliyozaliwa mwaka 1935 ilikuwa karibu sana na harakati za TANU. Shinikizo lilikuwepo, tena kali, lakini lilikuta watu wamekwisha kujipanga.

Pwani yetu inao ushahidi mwingine, nao ni ngoma ya mganda. Kila Mnyasa anaijua: wanaume katika mistari iliyonyooka, kaptura nyeupe, hatua za kwata, na sauti ya vibuyu ikiiga tarumbeta. Chanzo chake ni majeshi ya wakoloni, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Ni mfano gani wa nguvu ya nje uliozidi huo, wa jeshi la mgeni lililowapagaza babu zetu mizigo ya vita? Lakini babu zetu walichukua kwata lile wakalifanya lao. Wakajipa vyeo wenyewe, wakatunga nyimbo za kumsuta mvivu na kumsifu mkarimu. Kijiji kinachoalika kikapika, kijiji kinachoalikwa kikaja na heshima zake, na mwaka wa pili zamu ikageuka. Hakuna afisa aliyesajili mganda wala kampuni iliyoudhamini, na hata hivyo ungali unachezwa, kwa kuwa kila mchezaji anajua sufuria la ugali wa wageni limetoka nyumbani kwa nani. Nasi tuliopita chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule ya serikali tulijifunza jambo hilo hilo mapema. Tulipeleka ada ya Alhamisi kwa mwalimu, senti chache au mzigo wa kuni, na kwa ada ile kila mtoto alijiona ana sehemu yake katika chuo.

Mvua ya pili ilikuwa ya dola. Baada ya Uhuru, serikali iliona kwamba michezo ni sehemu ya ujenzi wa taifa, na kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967 likaundwa Baraza la Michezo la Taifa. Klabu zikatakiwa kusajiliwa, kuwa na katiba na kufuata taratibu. Mwaka 1971, Sunderland ya Dar es Salaam ikaliacha jina la mji wa Uingereza na kuitwa Simba. Hatuna shaka kwamba mengi katika hayo yalikuwa mema. Jina la nyumbani lilirudisha heshima, na usajili uliwakinga wanachama dhidi ya matapeli. Hata hivyo usajili nao ukazaa ugonjwa wake. Tumewahi kushika katiba ya klabu moja ya huku ziwani ambayo kifungu chake kinasema makao makuu yapo mtaa fulani wa Kariakoo. Aliyeinakili kutoka klabu nyingine alisahau kubadili. Katiba hiyo ilipitishwa, ikagongwa mhuri na kuwekwa kabatini. Hakuna mwanachama aliyeisoma, na hakuna ofisa aliyeuliza. Hiyo ni ngolo iliyochorwa katika karatasi. Mvua ya kweli haisimamishi.

Mvua ya tatu ilikuwa ya mikoa na mashirika ya umma. Katika miaka ya 1970 na 1980 kila mkoa ulitaka timu yake, na kila shirika lilitaka jina lake liimbwe uwanjani. Tulikuwa na Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, Mecco ya Mbeya na nyingine nyingi. Mchezaji alipata ajira, klabu ikapata basi, na watazamaji wakapata mpira mzuri. Majimaji, iliyobeba jina la vita vya 1905 hadi 1907 ambavyo Songea ililipa kwa damu ya wazee wake, ilipata nguvu kwa sababu mkoa mzima ulisimama nyuma yake. Taji la 1985 lilipokuja tulikuwa bado wadogo, lakini tunakumbuka wazee wakikusanyika kwenye redio, na Mmatengo, Mngoni, Mnyasa na Myao wakishangilia kwa lugha moja.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990. Mashirika yakabinafsishwa au yakafa, na mwenye shirika mpya hakuona sababu ya kulisha timu. Tuzitazame timu zile leo ziko wapi. Nyingi zimebaki katika kumbukumbu za wazee. Pamba imerejea Ligi Kuu mwaka 2024, lakini imerejea mikononi mwa Jiji la Mwanza, na imeongeza neno Jiji katika jina lake. Majimaji yetu ilipanda na kushuka, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2015, na mwaka 2018 ikateremka tena. Watu wamezoea kusema kwamba tatizo ni fedha. Fedha ni tatizo, hatukatai. Lakini tujiulize: mkoa ulipopunguza mkono wake, ni wanachama wangapi wenye kadi hai walikuwapo wa kuushika mzigo? Timu iliyolelewa na ofisi kwa miaka mingi haikufundishwa kudai ada, kwa hiyo siku ofisi ilipogeuka hakukuwa na mlango wa kubisha.

Wakulima wa Mbinga hawahitaji kufundishwa somo hili kwa mfano wa mpira. Waliwahi kuwa na ushirika wa Ngoni na Matengo tangu mwaka 1936, wakauza tumbaku na kahawa yao kwa sauti moja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchini kwa amri ya juu. Mwaka 1982 sheria ikavirudisha. Lakini katika miaka ile sita mkulima alikuwa amepoteza desturi ya kukihesabu chama kuwa chake. Jengo lilirudi, kibao kikarudi, mhasibu akarudi, na yule mwanachama wa zamani aliyesimama mkutanoni na kuuliza bei ya kilo hakurudi upesi. Desturi ya chama ni kama udongo wa juu wa mlimani: mvua ya siku moja huuondoa, na kuurudisha ni kazi ya kizazi.

Mvua ya nne ni ya wafadhili. Neno hilo lilianza kutamkwa kwa heshima katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 likawa ndilo neno la klabu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, na kila mpenzi wa mpira anajua kwamba fedha za mfadhili zilikuwa na sehemu kubwa katika safari ile. Hatuwezi kulibeza hilo. Lakini tazama pia upande wa pili. Yanga, ambayo katikati ya miaka ya 1970 ilikwisha kupasuka hadi ikazaliwa Pan African, ilipasuka tena mwishoni mwa karne iliyopita juu ya suala la kuwa kampuni: upande mmoja ukajiita Yanga Asili, wa pili Yanga Kampuni. Tulioishuhudia miaka ile tunajua kwamba swali lenyewe lilikuwa halali. Ubaya ni kwamba halikuamuliwa katika mkutano wa wanachama wenye hesabu mezani. Lilibishaniwa vijiweni, magazetini na kwenye milango ya mahakama, na kila upande ulikuwa na mtu wa nje wa kuutia moyo.

Ndiyo maana tunauunga mkono kwa dhati uamuzi wa Serikali uliotolewa wakati Simba ilipobadili mfumo wake mwaka 2017. Mwekezaji alikuwa tayari kutoa shilingi bilioni 20, na wanachama walikuwa tayari kuzipokea. Serikali ikasema: sawa, lakini wanachama wabaki na hisa zisizopungua asilimia 51, na uwekezaji usizidi asilimia 49. Hiyo nayo ni nguvu ya nje, tena ya dola, lakini ni nguvu iliyotumika kuchimba ngolo. Hata hivyo tunaonya kwamba asilimia 51 ni namba tu kama mwanachama hahudhurii, hasomi mahesabu, na hajui kadi yake inaisha lini. Mwenye asilimia 49 anayejua anachotaka atamshinda daima mwenye asilimia 51 aliyelala.

Mvua ya tano hutoka mbali zaidi, Zurich na Cairo. Shirikisho la dunia haliruhusu serikali iingilie uongozi wa vyama vya soka. Kenya iliyaonja hayo: ilifungiwa Februari 2022 baada ya waziri kulivunja shirikisho lao na kuweka kamati, ikafunguliwa Novemba ya mwaka huo. Visiwani nao wanalo jeraha lao. Machi 2017 Zanzibar ilipokewa kuwa mwanachama kamili wa CAF, na kabla ya Julai kwisha uanachama huo ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Tulisikitika pamoja nanyi. Lakini nguvu hizo za mbali zina faida pia. Masharti ya leseni yanayozitaka klabu zinazocheza mashindano ya Afrika ziwe na timu ya wanawake yamezilazimisha klabu nyingi kufanya lile ambalo wanachama wake waliliahirisha kwa miaka mingi. Simba Queens walipofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2022, hakuna aliyekumbuka kulalamikia masharti.

Ipo mvua ya sita, nayo tunaitaja kwa masikitiko. Tangu mwaka 2017, klabu zetu mbili kubwa zimepata kuvaa kifuani jina la kampuni ya kubashiri matokeo. Fedha hizo ni halali kwa sheria ya nchi na zimelipa mishahara mingi. Lakini huku kwetu kijana wa kijijini aliyeshika jezi hiyo hashiki jezi tu. Anashika simu pia, na fedha za usipa aliopaswa kuzitoa kuwa ada ya klabu ya kijiji anaziweka katika mkeka wa kubashiri timu za Ulaya. Tumeona klabu ambamo wachezaji wanajua majeruhi wote wa ligi ya Uingereza na hawajui jina la katibu wao. Kama hilo si badiliko la utamaduni wa ndani lililoletwa na nguvu ya nje, hatujui ni lipi.

Atasimama mtu na kutuuliza: ninyi mnasema maneno mazuri, lakini kijiji masikini kitapata wapi jezi? Kikikataa ya mheshimiwa, vijana wacheze vifua wazi? Swali hilo ni la haki na tunalijibu hivi. Hakuna anayesema msaada ukataliwe. Tunasema upokewe na klabu, si na mtu. Zawadi itangazwe katika mkutano, iandikwe daftarini, ikabidhiwe mweka hazina, na mtoaji ashukuriwe kisha arudi kwake. Asichague nahodha, asipange tarehe ya uchaguzi wa klabu, wala asiwe na ufunguo wa sanduku. Na ada isifutwe hata siku moja, hata kama ni kisado cha mahindi au siku ya kufyeka uwanja. Ada ndogo haiwezi kununua jezi 16, lakini inanunua kitu ambacho mfadhili hana cha kukiuzia: haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza.

Kwa viongozi wahusika tunayo maombi matatu, nayo tunayatoa kwa heshima.

Kwanza, maafisa utamaduni na michezo wa wilaya, Mbinga, Nyasa na kwingineko, wasiridhike na katiba iliyopigwa chapa. Kabla ya kupeleka maombi ya usajili kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, waende kijijini na kuomba kuona kumbukumbu za mkutano mmoja tu, zenye majina na sahihi. Klabu isiyoweza kuonyesha mkutano mmoja haijazaliwa bado. Isaidiwe kuzaliwa kwanza, ndipo ipewe cheti.

Pili, halmashauri na wabunge wetu waache kutumia fedha za michezo kununua jezi za msimu wa kura, wazitumie katika vitu vinavyobaki: kupima viwanja vya vijiji na kuvipa hati ili visije kugawiwa kuwa vya nyumba, kufundisha waamuzi, kufundisha makatibu na waweka hazina. Mtu akitaka kuanzisha kombe lenye jina lake, na aanzishe, lakini kanuni ziandikwe na klabu zenyewe, na zawadi ilipwe kwa klabu, si kwa kijana wa msafara.

Tatu, na hili tunalisema kwa Chama chetu, kwa kuwa ndani ya nyumba ndiko ukweli unakoanzia. Uwanja wa Majimaji wa Songea, Sokoine wa Mbeya, Kirumba wa Mwanza na vingine vilivyo mali ya Chama vilipatikana enzi ambayo mwananchi na mwanachama walikuwa kitu kimoja. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 si hivyo tena. Kuvimiliki ni heshima, na heshima hiyo ina deni: kuvitunza, na kuvifungua kwa kila klabu bila kuuliza kadi ya mtu. Hali kadhalika, makada wenzetu tukubaliane kwamba rangi za Chama zina mahali pake na unahodha wa timu ya kijiji si mahali pake. Chama kilicho imara hakihitaji kushinda mechi ya vijana.

Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba tunaongeza neno moja. KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo, Zimamoto, vikosi vyote hivi vimewapa vijana ajira na vimeinua kiwango cha mchezo. Lakini kila kijana hodari anapotoka klabu ya mtaa kwenda kikosini kwa ajili ya mshahara, klabu ya mtaa hubaki na wazee na jina. Hatusemi azuiwe; riziki haizuiwi. Tunasema kikosi kimchukue kwa kuandikiana na klabu iliyomlea, na klabu ipate haki yake japo kidogo, ili mwakani iweze kulea mwingine. Kombe la Muungano lilirejeshwa mwaka 2024, nasi tulifurahi. Furaha yetu itatimia siku ambayo klabu ya mtaa wa Mjini Unguja na klabu ya wakulima wa Ruvuma zitakutana tena katika fainali, kila moja ikiwa na wanachama wake wenye kadi wamekaa jukwaani.

Turejee pale kijijini kwa ziwa. Mwaka jana tulipita, tukamkuta yule mzee mshona nyavu barazani kwake. Tulimwomba radhi, naye hakutujibu mara moja. Aliingia ndani akatoka na daftari lile la shule, majalada yamekatika, kurasa zimeliwa na mende pembeni. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Septemba 2015: jina la mvuvi mmoja, visado viwili vya usipa, na sahihi. Chini yake karatasi tupu. Akatuambia vijana wapya wamekuja kumwomba waanze upya, naye amewaambia jambo moja tu, kwamba mpira wataupata baadaye. Kwanza waje Ijumaa baada ya swala, na Jumapili baada ya misa, kila mmoja na chake mkononi, waandikwe.

Sisi tulitoa chetu, tukaandikwa mstari mmoja na wao, bila cheo. Viongozi wenzetu wanaokusudia kupita huko msimu ujao wakiwa na jezi garini, tunawaomba waanzie kwa mzee huyo, na waulize daftari lipo wapi.